Londiani, Timboroa na Miji ya Reli ya Nyanda za Mau: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu miji midogo iliyozaliwa na reli kati ya Nakuru, Kisumu na Eldoret nchini Kenya. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Miji hii iko wapi, na kwa nini inazungumziwa pamoja?

Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi, ardhi inapanda kutoka takribani mita 1,850 hadi zaidi ya mita 2,500, kisha inaporomoka hadi Ziwa Victoria, lililo kwenye mita 1,134 hivi. Kwenye mgongo huo kuna njia mbili za reli. Ile ya zamani inapita Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit na Londiani, ikateremka Kipkelion (zamani Lumbwa), Fort Ternan na Muhoroni hadi Kisumu. Ile ya pili inakwenda Rongai, inapanda msituni kupitia Maji Mazuri, inavuka mstari wa ikweta na kufika Timboroa kabla ya kushuka Eldoret.

Londiani na Timboroa zinatajwa pamoja kwa sababu njia iliyoipa Timboroa uhai ndiyo iliyoanza kuidhoofisha Londiani. Wanaozisoma kama hadithi mbili tofauti hukosa sehemu muhimu zaidi.

2. Reli ilifika lini?

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899, na Kisumu (wakati huo Port Florence) tarehe 20 Desemba 1901. Londiani ni ya awamu hiyo. Eneo lote la kutoka Nakuru hadi Kisumu lilihesabiwa upande wa Uganda hadi mpaka ulipohamishwa mwaka 1902.

Njia ya Uasin Gishu (uwanda unaozunguka Eldoret), yaani ya Timboroa, ilifika Eldoret mwaka 1924, Jinja 1928 na Kampala 1931. Shika tarehe hizo tatu za mwisho, kwa sababu swali la 9 linazitegemea.

3. Mji wa reli na mji wenye stesheni tu vinatofautianaje?

Angalia kazi. Mji wenye stesheni una biashara zake, na treni ni mteja mmojawapo. Mji wa reli huishi kwa mambo ambayo treni inalazimika kuyafanya pale: kuteka maji, kupakia kuni, kubadilisha injini, kukata mabehewa, kukagua breki, kushusha mzigo uendelee kwa gari jingine. Treni mia zikipita bila kusimama hazimlishi mtu. Nakuru ni mji wenye stesheni. Mau Summit ilikuwa mji wa reli, na ndiyo maana leo wengi wanaijua kama njia panda ya barabara.

## Wakati wa kupanda

4. Kwa nini Londiani ilikua kabla ya Eldoret?

Kwa sababu magurudumu ya chuma yaliishia pale kwa mtu aliyekuwa akienda Uasin Gishu. Msafara mkubwa wa Makaburu wa mwaka 1908, familia 47 hivi, ulianzia Nakuru, si Londiani kama inavyodaiwa mara nyingi. Lakini baada ya walowezi kukaa kwenye uwanda ule, mizigo yao ya kila siku ilishushwa Londiani na kupandishwa kwa magari ya maksai: mabati, majembe ya plau, unga, chumvi, mbegu. Mahindi, ngano na ngozi zilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Gari moja lilivutwa na maksai kumi na sita hivi, na kutoka Londiani hadi Eldoret ni karibu kilomita 100 za kupanda, msitu na tope. Kiangazi safari ilichukua siku kadhaa, lakini masika gari lingeweza kuzama hadi kwenye ekseli na kukaa hapo wiki nzima. Ucheleweshaji huo wote ulikuwa faida kwa Londiani. Mzigo unaosubiri unahitaji ghala, maksai wanahitaji malisho, magurudumu yanahitaji mhunzi, na dereva anahitaji mahali pa kulala na duka la kukopa.

5. Ni nani walioishi katika miji hii?

Karibu kila mji ulikuwa na tabaka zilizopangwa kwa umbali kutoka relini. Karibu na jukwaa alikaa mkuu wa stesheni, mara nyingi Mhindi. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli, karibu 2,500 walikufa kazini, na takriban 6,700 walibaki nchini. Waliofungua maduka hawakuwa wote wajenzi wa reli. Wengi walikuja baadaye kama wafanyabiashara, wakifuata nyayo za watu kama Allidina Visram, aliyefungua maduka kando ya njia ilivyokuwa ikisonga.

Nyuma ya maduka kulikuwa na landi, vyumba vya mstari mmoja vya vibarua na genge la njia: Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakipsigis na wengineo. Msituni zaidi waliishi wafanyakazi wa misitu chini ya mfumo wa shamba, yaani unapewa kipande cha ardhi, unapanda chakula katikati ya miche ya serikali, na miti ikifunga kivuli unahamishwa kwingine.

Ardhi hii ilikuwa na wenyewe kabla ya yote hayo. Wanandi waliipinga reli kwa miaka mingi na kuchukua nyaya za simu na vyuma vyake, hadi Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Maelezo yanayoanza na "palikuwa pori tupu" yaruke.

6. Mlima ulileta kazi gani hasa?

Hesabu ni rahisi. Kwenye mwinuko wa asilimia 2, kila tani 100 za treni zinahitaji nguvu ya tani 2 kushinda mlima peke yake. Treni ya tani 600, injini ikiwemo, inataka tani 12. Ongeza tani 2 hadi 3 za msuguano wa magurudumu na kona, unapata karibu tani 15. Treni hiyo hiyo ikiwa tambarare inavutwa kwa tani 3 tu. Kwa hiyo injini iliyokuja na mzigo mkubwa kutoka bondeni inafika chini ya mlima ikiwa na mzigo usiobebeka.

Kuna njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuongeza injini ya kusukuma nyuma. Ya pili ni kukata treni: unapandisha nusu, unaiacha kwenye njia ya pembeni kileleni, unarudi kuchukua nusu iliyobaki. Ya tatu ni kupunguza mabehewa tangu mwanzo. Zote zinahitaji watu wa kubadilisha njia, kufunga na kufungua mabehewa, kupiga simu ya kituo hadi kituo, na nyumba za kulala wafanyakazi wa zamu.

Mvua inaharibu zaidi. Reli kavu inashika gurudumu kwa takribani robo ya uzito uliokalia magurudumu yanayovuta, lakini umande, ukungu na majani yaliyopondeka hupunguza mshiko huo sana. Magurudumu huzunguka bure huku treni imesimama. Dawa yake ni mchanga mkavu unaomwagwa mbele ya gurudumu. Lazima uwe mkavu na uliochekechwa, la sivyo unaganda kwenye bomba. Huko Mau, ambako ukungu ni jambo la kawaida, kukausha mchanga kulikuwa kazi ya kila siku.

Kushuka ndiko kulikoogopesha zaidi kuliko kupanda. Viatu vya breki vikishikilia muda mrefu hupata moto, na vikipata moto hupoteza mshiko. Ndiyo maana treni husimama kileleni kabla ya kuteremka: breki zinajaribiwa behewa kwa behewa, na behewa lisiloshika linatolewa. Njiani treni husimamishwa tena magurudumu yapoe.

7. Je, zile injini kubwa za mvuke za mlima, za aina ya Garratt, zilifanya kazi hapa?

Garratt ndiyo, lakini si zile ambazo watu huziwazia. Injini za daraja la 59, jumla 34, zenye majina ya milima na uzito wa tani 252 hivi kila moja, zilijengwa miaka ya 1955 na 1956. Kazi yao kubwa ilikuwa Mombasa hadi Nairobi. Uzito wao kwa ekseli moja, tani 21, ulihitaji reli nzito. Magharibi mwa Nakuru zilifaa zaidi injini nyepesi kama daraja la 60, zenye ekseli za tani 11, ambazo nyingi zilipewa majina ya magavana.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, Makumbusho ya Reli Nairobi yana za aina zote mbili: 5918 "Mount Gelai" na 6006 "Sir Harold MacMichael".

8. Misitu inaingiaje katika habari hii?

Injini za mwanzo zilichoma kuni, na kuni za mlimani ndizo zilizokuwa karibu. Vibarua walikata na kupanga marundo kando ya njia, na baadaye ikapandwa mikalitusi kwa ajili hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 injini zilianza kubadilishwa kutumia mafuta mazito. Ajira ya kuni ikapungua, lakini ya mbao ikabaki: Elburgon, Maji Mazuri na Timboroa zilijaa viwanda vya kupasua mbao, na mataruma, nguzo na mbao za ujenzi zilisafiri kwa reli.

Chuo cha misitu cha Londiani, kilichofunguliwa 1957, ni tunda la historia hii, na pengine ndicho kitu kimoja kutoka enzi hizo kilichoendelea kuupa mji wageni na kipato bila kutegemea ratiba ya treni.

## Wakati wa kushuka

9. Londiani ilianza kudorora lini? Si ni baada ya SGR, reli mpya ya kisasa?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi. SGR ya Mombasa–Nairobi ilianza 2017, na kufikia wakati huo Londiani ilikuwa imekwisha kupoteza nafasi yake kwa zaidi ya miaka 90.

Pigo la kwanza lilikuja 1924. Treni ilipofika Eldoret, magari ya maksai hayakuwa na sababu ya kuja Londiani tena. Mhunzi, mwenye ghala na mfuga maksai walipoteza wateja karibu katika msimu mmoja. Pigo la pili lilikuja 1931: kabla ya hapo shehena ya Uganda ilipita Londiani hadi Kisumu, ikapakiwa kwenye meli na kuvushwa ziwani. Njia ya moja kwa moja ilipofika Kampala, ile ya Nakuru–Timboroa–Tororo ikawa njia kuu, na ya Kisumu ikashuka kuwa tawi. Mapigo yote mawili yalitoka kwa reli yenyewe, wakati reli ikiwa na nguvu kuliko wakati wowote.

10. Timboroa ilipokea kile Londiani ilichopoteza?

Kwa sehemu tu. Mizigo ya Uganda ilipita hapo, na kazi zote za swali la 6 zikahamia huko. Lakini biashara ya kubadilisha chombo, kutoka behewa hadi gari la maksai, haikuhamia Timboroa. Ilikwenda Eldoret, ambako mashamba yalikuwa. Timboroa ikapata wafanyakazi wa reli na wapasua mbao, ila haikupata matajiri wenye maghala.

11. Dizeli iliondoa ajira gani?

Karibu kila moja iliyotajwa katika maswali ya 3 na 6 isipokuwa breki na mchanga. Injini ya dizeli haihitaji maji kila baada ya kilomita kadhaa, haihitaji mchochea moto, haina majivu ya kukwangua wala mabomba ya kusafisha. Injini mbili au tatu zinaunganishwa na kuendeshwa na dereva mmoja, kwa hiyo hata kusukuma nyuma kulipungua. Dizeli ziliongezeka tangu miaka ya 1960, na mvuke ukamalizika Kenya karibu na 1980. Matangi ya maji yakabaki kama mapambo.

12. Ni nini kiliondoa mizigo yenyewe?

Bomba, barabara na utawala mbovu, tukianza na lile lisilotajwa mara kwa mara. Bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilianza 1978, likarefushwa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Mafuta ni mzigo mzuri sana kwa reli: ni mazito, yanaenda kila siku, na hayategemei msimu. Baada ya 1994 matangi ya reli yaliyokuwa yakipanda Mau kila siku yalipungua, na njia ikabaki na mahindi, mbolea na saruji, ambavyo lori linaweza kubeba.

Kabla ya hapo, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuligawa shirika moja la reli kuwa matatu, na mpaka wa Malaba ukawa mahali pa kusubiri. Ukodishaji kwa kampuni binafsi kuanzia 2006 ulimalizika 2017. Kwa habari za barabara tazama swali la 13.

13. Kwa nini soko la Londiani limehamia barabarani?

Kwa sababu barabara ya Nakuru–Kericho inapita kilomita chache kutoka mji wa stesheni. Penye makutano pakaitwa Londiani Junction, na kabichi, viazi na karoti vikafuata matatu na malori. Mau Summit na Timboroa zilifanya vivyo hivyo kwenye barabara ya Eldoret. Ukitazama ramani utaona kila mji una vitovu viwili: cha zamani kinatazama reli, kipya kinatazama lami.

Mabadiliko haya yana gharama. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo Londiani Junction na kuua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na wasafiri kando ya barabara. Soko lililojipanga lenyewe ukingoni mwa barabara kuu halina jukwaa wala uzio, vitu ambavyo stesheni ilikuwa navyo.

14. Marufuku ya ukataji miti iligusa miji hii vipi?

Iligusa sana Elburgon na majirani zake. Mwaka 1999 serikali ilizuia ukataji katika misitu yake, ila kampuni chache kubwa zikaruhusiwa. Katazo la Februari 2018 lilibana wote. Rais William Ruto alitangaza kuliondoa akiwa Molo, Julai 2023, na suala likaenda mahakamani.

Mtu anayelaumu katazo peke yake asisahau kwamba mbao zilikuwa zimekwisha kuhamia malori. Na anayelaumu wakataji peke yao asisahau kwamba Mau ndiyo chanzo cha mito inayolisha mabonde pande zote.

15. Ghasia za kisiasa zilichangia?

Ndiyo. Molo, Londiani, Timboroa na vijiji vya jirani viliathirika katika mapigano ya 1992 na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Familia zilizohama mara mbili hazikuona haraka ya kujenga nyumba ya mawe. Hilo linaeleza mengi kuhusu ploti tupu karibu na stesheni kuliko ratiba yoyote ya treni.

## Maswali ya pembeni

16. Je, Timboroa ni stesheni ya juu kuliko zote duniani?

Hapana. Iko karibu mita 2,740, na kilele cha njia mbele yake kidogo kinakaribia mita 2,785. Kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa ya juu kuliko zote katika Jumuiya ya Madola. Duniani, stesheni ya Tanggula kule Tibet iko mita 5,068. Hata hivyo urefu wa Timboroa si mchezo: maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo ukipika maharage bila sufuria ya presha, ongeza muda na kuni.

17. SGR ikiendelea hadi Malaba, itafufua miji hii?

Kwa mpango uliotangazwa, njia inatoka Naivasha kupitia Narok na Bomet hadi Kisumu. Inapita kusini kabisa na kuuzunguka mgongo wa Mau Summit na Timboroa. Tumaini lililopo ni kwa reli ya zamani yenye upana wa mita moja, iliyokarabatiwa kuelekea Malaba na Kisumu. Treni ya abiria ya Kisumu ilirudi mwishoni mwa 2021. Lakini rudi kwenye swali la 3: uliza treni inasimama wapi na inafanya nini ikisimama.

18. Nataka kuona mabaki. Nianzie wapi?

Anza Mau Summit, shuka Londiani, kisha endelea kuelekea Fort Ternan, ambako njia inashikilia ukingo wa bonde. Kati ya kilele na nyanda za Kisumu wajenzi waliweka madaraja marefu ya chuma 27, yaliyotengenezwa na American Bridge Company ya Marekani. Upande wa pili, ona kibao cha ikweta karibu na Timboroa.

Tafuta msingi wa mviringo wa tangi la maji, mstari mmoja wa vyumba vidogo vyenye milango inayotazama upande mmoja, na mikalitusi mikubwa iliyopangwa safu. Usitembee kwenye daraja wala ndani ya mtaro wa reli: njia inatumika, ukungu huficha injini, na treni inayoteremka haiwezi kusimama ghafla kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 6. Omba ruhusa kwa Kenya Railways kabla ya kupiga picha stesheni. Vaa nguo nzito. Asubuhi kuna baridi kali na wakati mwingine sakitu.

19. Nimeonyeshwa ploti nafuu karibu na stesheni. Ninunue?

Usitoe pesa kabla ya mambo matatu. Fanya upekuzi rasmi wa hatimiliki katika ofisi ya ardhi. Mwite mpimaji mwenye leseni aoneshe mawe ya mpaka dhidi ya ramani, si dhidi ya maneno ya muuzaji. Kisha iulize Kenya Railways kwa barua kama kipande hicho kimo ndani ya hifadhi yake. Njia isiyo na treni kwa miaka mingi bado ni ardhi ya reli, na ukarabati ukianza, vibanda ndivyo vinavyobomolewa kwanza. Stakabadhi ya kodi ya kibanda si hati ya umiliki.

20. Babu yangu alifanya kazi reli huko. Nitapataje kumbukumbu zake?

Kusanya kwanza vilivyo nyumbani: kitambulisho cha kazi, hati ya mshahara, picha yenye namba ya injini. Namba ya mfanyakazi ina thamani kuliko jina, kwa sababu majina yaliandikwa kwa tahajia tofauti tofauti, na baba wa mtu mara nyingine alirekodiwa kama jina la ukoo.

Andika pia mwaka. Kama alifanya kazi kabla ya 1977 alikuwa wa shirika la Afrika Mashariki, na mafaili ya kikoloni na ya kipindi hicho yatafute katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Makumbusho ya Reli yatakusaidia kwa picha, ramani na aina ya injini. Kwa madai ya pensheni ya baada ya hapo, nenda kwenye mfuko wa mafao ya wastaafu wa Kenya Railways ukiwa na cheti cha kifo na barua ya mirathi. Bila barua ya mirathi hutapita kaunta ya kwanza.